Kulenga ncha ya anga usiyoiona, kwa kamera na kompyuta

Swali: Nina darubini ndogo ya fokasi ya milimita 400 juu ya stendi ya kiikweta yenye mota, na kamera dijitali yenye pikseli za maikromita 4. Nikipiga picha ya sekunde 60, nyota zinatoka vistari vya kama pikseli 10. Upande wa ncha ya anga umezibwa na ukuta, na hata usingezibwa, ncha yenyewe iko chini sana, karibu na upeo wa macho. Nasikia mtu anaweza kulenga kwa kamera na programu ya kompyuta bila kuiona Nyota ya Kaskazini. Ni kweli? Na je, ninunue ile kamera maalumu ya kulengea ncha?

Jibu: Ni kweli, ndugu yangu. Tena kwa mahali kama hapo ulipo, ambapo ncha inalala karibu na upeo, njia ya kamera inashinda kuchungulia ncha kwa jicho, na sababu yake nitaifikia. Ila tuanze kwa kuhakikisha kwamba kosa lako ni la ncha, yaani mhimili wa stendi hauelekei ile pointi ya anga ambayo nyota zote huonekana kuizunguka.

Vistari vina sababu zaidi ya moja. Mhimili mkuu wa stendi usipolala sambamba na mhimili wa Dunia, nyota huteleza polepole kuelekea kaskazini au kusini. Gia ikiwa na dosari, au mota ikienda kwa kasi isiyo yake, nyota huteleza mashariki na magharibi. Ili ujue wewe una lipi, zima mota na upige picha ya sekunde 5 ya nyota iliyo mbali na ncha. Dunia inazunguka, nyota inakimbia, na mkia inaouacha ndio mstari wako wa mashariki-magharibi. Kwa darubini na kamera yako, karibu na ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya Dunia), mkia huo utakuwa na kama pikseli 36. Washa mota tena, usiiguse kamera, piga ile picha ya sekunde 60 kisha uziweke picha mbili pamoja. Vistari vikiukata mkia kwa pembe mraba, kosa ni la ncha. Vikilala sambamba nao, lawama ni ya gia. Vikienda mshazari, una yote mawili.

Tuseme vimeukata mkia. Sasa tunaweza kujua umekosea kiasi gani kabla hata hujafungua programu. Zidisha 206.265 kwa ukubwa wa pikseli kwa maikromita, gawanya kwa fokasi kwa milimita: kwako ni 206.265 mara 4, gawanya kwa 400, unapata sekunde za pembe 2.06 kwa kila pikseli (digrii moja ina dakika 60 za pembe, na kila dakika ina sekunde 60 za pembe). Pikseli 10 basi ni kama sekunde za pembe 20.6, na nyota imezipoteza ndani ya dakika moja. Mhimili ulioachana na ncha kwa dakika 1 ya pembe husogeza nyota kwa takriban sekunde za pembe 0.26 kila dakika ya saa, nyota ikiwa mahali pabaya kuliko pote. Ukigawanya unaona kwamba kosa lako halipungui dakika 78 za pembe, yaani digrii 1.3. Mwezi mpevu una upana wa nusu digrii hivi, kwa hiyo ncha umeikosa kwa zaidi ya Miezi miwili iliyopangwa bega kwa bega. Usihuzunike, hicho ni kiasi cha kawaida kwa mtu aliyelenga kwa dira peke yake.

Geuza hesabu hiyohiyo ikuambie ushuke hadi wapi. Ili nyota isipoteze zaidi ya pikseli moja kwa sekunde 60, kosa lisizidi dakika 8 za pembe hivi. Ukitaka picha za dakika 3, gawanya kwa tatu: dakika 2.6. Andika namba hiyo mahali kabla hujatoka nje, maana skrini ya kompyuta itakushawishi uendelee kuhangaika na skrubu za kuelekezea stendi hadi usiku wa manane ukitafuta sifuri, wakati picha zako zilishaacha kuhitaji marekebisho zamani.

Ukuta haukuzuii kwa sababu hii. Stendi ikizunguka kwenye mhimili mkuu peke yake, mahali inapotazama darubini huchora duara angani, na kitovu cha duara hilo ndipo mhimili unapoelekea. Huhitaji kukiona kitovu. Pointi tatu kwenye ukingo zinatosha kulijua duara zima, hata kama tatu hizo ziko upande wa pili wa anga. Kwa hiyo unapiga picha, unazungusha mhimili mkuu, unapiga ya pili, unazungusha tena, unapiga ya tatu. Programu inasoma katikati ya kila picha ni wapi hasa angani, inatafuta kitovu, inakilinganisha na ncha ya kweli inayoijua kwa hesabu, kisha inakuambia umekosa kwa kiasi gani juu au chini, na kiasi gani kushoto au kulia.

Inasomaje picha? Huchukua nyota zilizomo nne nne na kupima uwiano wa nafasi zilizo kati yao. Uwiano huo haubadiliki ukiipindua kamera wala ukibadilisha lenzi, ndiyo maana inaweza kuutafuta katika katalogi ya anga zima na kurudi na jibu baada ya sekunde chache. Programu za Astrometry.net na ASTAP ndizo zinazotumika sana kwa kazi hiyo, na zote zinaweza kukaa ndani ya kompyuta yako bila intaneti, mradi umepakua katalogi ya nyota mapema.

Kuna mambo mawili yanayowasumbua watu bure hapa. La kwanza, kamera haina haja ya kutazama sawasawa na mrija wa darubini, wala mrija hauna haja ya kuwa mraba kabisa na mhimili. Ikiwa imepinda kidogo, duara litabadilika ukubwa, kitovu kitabaki palepale. Inachodaiwa ni kutocheza. La pili, tripodi isiyo sawa kwa pima maji haiharibu ulengaji. Inachofanya ni kuzichanganya skrubu zako, ukipandisha unajikuta umesogea pembeni pia. Isawazishe vya kutosha, usiiabudu.

Kuhusu programu: kama una Windows, chukua N.I.N.A. na uongeze programu-jalizi yake iitwayo Three Point Polar Alignment. Hiyo inafanya kazi popote angani, na ndiyo ningeianza kwa hali yako. Kwenye Linux kuna KStars, ambayo ndani yake mna Ekos yenye msaidizi wake wa kulenga kwa picha tatu. Zote mbili ni za bure. SharpCap inasifiwa sana, na kwa haki, lakini ulengaji wake unataka kamera itazame eneo la ncha lenyewe, kwa hiyo ukuta wako unaifunga.

Mchana, kabla ya yote, ingiza fokasi, ukubwa wa pikseli, latitudo na longitudo, na ukague saa ya kompyuta. Hili la saa watu hulipuuza. Programu inajua ncha iko wapi kati ya nyota bila kujali saa ni ngapi, lakini ili igawe kosa kati ya skrubu ya kupandisha na skrubu za pembeni, lazima ijue anga limezunguka kiasi gani muda huo. Anga huzunguka digrii 15 kwa saa. Ukikosea kanda ya saa kwa saa 3, “juu” ya programu imepinda kwa digrii 45 kutoka “juu” yako. Utafuata maelekezo kwa utii, na namba zitakuwa zinapungua huku na kupanda kule. Ukiona hivyo, acha skrubu na uende kwenye saa.

Ncha yenyewe pia haitulii. Mhimili wa Dunia unayumba polepole, mzunguko mmoja kwa miaka 26,000 hivi, na ncha inasogea kati ya nyota kwa sekunde za pembe 20 kila mwaka. Katalogi nyingi zimeandikwa kwa anga la mwaka 2000. Kufikia 2025 ncha ilikuwa imehama kwa zaidi ya dakika 8 za pembe, ambayo ndiyo kosa lote unaloruhusiwa kwa picha za sekunde 60. Programu nilizotaja hurekebisha hilo zenyewe, ila anayechukua namba za katalogi na kujipigia hesabu kwa mkono akumbuke.

Giza likiingia, anza kwa makadirio. Urefu wa ncha juu ya upeo ni sawa na latitudo yako, kwa hiyo weka kipimo cha stendi kwenye namba hiyo. Upande tafuta kwa dira, ukirekebisha tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya kweli. Dira ya simu ikikaa karibu na chuma cha stendi hudanganya, kwa hiyo simama hatua kadhaa nyuma uchungulie mstari wa mhimili kutoka hapo. Kisha rekebisha darubini hadi nyota angavu ionekane nukta kali, na ukaze kifungio cha marekebisho hayo. Nyota zikiwa mapovu programu haitaona cha kupima. Picha za sekunde 3 au 4 kwa ISO 1600 (ISO ni kiwango cha wepesi wa kamera kunasa mwanga) zinatosha kabisa.

Chagua eneo la wazi la anga lililo juu ya digrii 30 kutoka upeo, na hakikisha safari nzima ya picha tatu inabaki humo. Angahewa hupinda mwanga na kuzipandisha nyota: kwa urefu wa digrii 45 ni kama dakika 1 ya pembe, kwa digrii 10 ni zaidi ya 5. Picha moja ikiwa juu na nyingine ikiwa chini kabisa, duara lako litapinda nawe hutajua. Zungusha digrii 20 hadi 30 kati ya picha na picha. Kipande kifupi cha duara kinakuza makosa: ukizungusha digrii 5 tu, kosa la kupima la sekunde chache za pembe linaweza kukihamisha kitovu mbali sana. Funga klachi ya deklinesheni, yaani kifungio cha mhimili wa pili wa stendi, na usiiguse hadi umalize. Kebo ya kamera iache ilegee kidogo, maana kebo inayovutwa stendi inapozunguka huisogeza kamera, na programu huhesabu msogeo huo kana kwamba ni wa mhimili. Stendi yako isipoamrishwa na kompyuta, zungusha kwa rimoti yake, au legeza klachi ya mhimili mkuu uzungushe kwa mkono taratibu. Programu-jalizi ya N.I.N.A. ina hali maalumu kwa ajili ya hilo.

Baada ya picha ya tatu utapata namba mbili, na programu itaanza kupiga picha mfululizo ili zibadilike kadiri unavyogusa skrubu. Hapa pana ufundi wa mkono kuliko wa kompyuta. Zungusha robo ya mzunguko, ondoa mkono, subiri picha mpya isomwe, ndipo uangalie. Anayezungusha huku akitazama namba ya picha iliyopita hupita mahali panapotakiwa, akarudi, akapita tena. Skrubu za pembeni ni mbili zinazosukumana, kwa hiyo legeza moja kwanza kabla ya kukaza nyingine. Ya kupandisha ina tabia mbaya kwenye latitudo ndogo: mhimili umelala karibu mlalo, uzito wote unaegemea skrubu moja, na mwisho wa njia yake unaweza kukuta uzito wa kusawazisha unagonga mguu wa tripodi. Geuza tripodi ili mguu usiwe chini yake, na siku zote malizia kwa kupandisha. Ukipita juu, shuka zaidi ya unavyohitaji kisha upande tena, ili stendi ikae imelala juu ya skrubu bila mwanya. Kila ukikaza vifungio namba zitaruka. Kaza kidogo huku na kidogo kule, usingoje mwisho ukakaze kwa nguvu moja.

Kosa la digrii 1.3 halitaisha kwa mkupuo mmoja. Wakati wa kurekebisha, programu inakisia kwamba kilichosogea ni stendi tu, kwenye skrubu zake mbili. Kwa msogeo mkubwa kisio hicho kinalegea, na tripodi nayo huwa imezama kidogo au imepotoka. Rudia picha tatu kuanzia mwanzo. Kipimo cha pili ndicho cha kuamini, kile cha kwanza ni cha kukufikisha jirani.

Sasa lile la ncha iliyo chini. Katika urefu wa digrii 5, angahewa huipandisha ncha kwa karibu dakika 10 za pembe. Mtu anayechungulia Nyota ya Kaskazini pale chini anailenga sura iliyonyanyuliwa, kisha anageuza darubini utosini, ambako mwanga karibu haupindi, na anashangaa nyota zinateleza. Kamera inayopima kwenye anga la juu haina tatizo hilo. Programu ikikuuliza kama ulenge ncha ya kweli au ile iliyopandishwa na angahewa, na wewe unapiga picha zilizo juu, chagua ya kweli. Nyota ya Kaskazini hata hivyo haiko kwenye ncha. Imeachana nayo kwa zaidi ya nusu digrii. Upande wa kusini ni taabu zaidi, kwani Sigma Octantis iliyo karibu na ncha ya huko ina mwangaza hafifu wa daraja la 5.4, na taa za mji zinaifuta kabisa. Wanaoitegemea nyota moja wana kazi ngumu kuliko yako.

Na ikitokea kompyuta imegoma? Kamera peke yake inaweza, kwa njia iitwayo DARV. Inakula muda zaidi, lakini ni vizuri kila mpiga picha wa anga aijue, maana inaonyesha kwa macho kile ambacho programu inakificha nyuma ya namba. Elekeza darubini kwenye nyota iliyo karibu na ikweta ya anga na karibu na meridiani, ule mstari unaotoka kaskazini kwenda kusini ukipitia utosini. Mintaka, nyota ya pembeni kwenye mshipi wa Jabari, iko chini ya theluthi moja ya digrii kutoka ikweta ya anga, na inafaa sana ikiwa juu. Anza picha ya sekunde 125, ukiwa umeweka ISO ya chini. Sekunde 5 za kwanza acha stendi ifuatilie nyota ili ipatikane nukta nzito. Kisha kwa rimoti sogeza mhimili mkuu upande mmoja kwa kasi ndogo kwa sekunde 60, na urudishe kwa kasi ileile kwa sekunde 60. Mhimili ukiwa sawa, nyota inarudi juu ya njia yake na unapata mstari mmoja. Ukiwa na kosa, miguu miwili inaachana na kufanya herufi V, na ile nukta inakuonyesha mguu upi ulianza.

Nyota ya meridiani inasema habari za skrubu za pembeni tu. Sogeza kidogo, rudia picha. V ikipanuka umekwenda njia isiyo yake, ikibana endelea. Sipendi kuwafundisha watu majedwali ya “ikiteleza kaskazini zungusha mashariki”, kwani yanageuka ukivuka ikweta, yanageuka tena kamera ikipinduliwa, na saa sita usiku hakuna anayekumbuka. Acha V ikuambie. Ikishafungika, nenda kwenye nyota ya mashariki au magharibi, bado karibu na ikweta ya anga lakini isiwe chini ya digrii 30, na ufanye vivyo hivyo kwa skrubu ya kupandisha. Kisha rudi meridiani mara moja kukagua, maana skrubu moja huvuruga kidogo kazi ya nyingine.

Ukimaliza kwa njia yoyote, piga ile picha ya sekunde 60. Kama bado kuna vistari, vitakuwa vimelala sambamba na ule mkia wa mashariki-magharibi, na hapo hakuna skrubu ya kuvitibu. Ni gia. Gawanya 86,164, ambazo ndizo sekunde za mzunguko mmoja wa Dunia kwa nyota, kwa idadi ya meno ya gia kubwa ya stendi. Yenye meno 180 inapata sekunde 479, karibu dakika 8, na dosari yake itajirudia kila baada ya muda huo. Utaiona kwa urahisi: picha mbili tatu safi, moja mbaya, kisha safi tena. Wengi hutupa zile mbaya. Anayetaka kuzitumia zote anaongeza kamera ya pili ya kuongoza, inayoitazama nyota moja na kuisahihisha mota kila sekunde chache. Kamera hiyo itaficha pia mabaki ya kosa la ncha, lakini si yote: nyota inayoongozwa itatulia na nyota nyingine zote pichani zitaizunguka, kwa hiyo kona za picha ndizo zitakazokuambia.

Ile kamera maalumu uliyoiuliza, kama PoleMaster, hufungwa mbele ya mhimili na hutazama ncha moja kwa moja. Ni kifaa kizuri kwa mwenye anga wazi upande huo. Mbele ya ukuta itapiga picha za ukuta. Hizo fedha ziweke kwa ajili ya kamera ya kuongoza.